Ushahidi wa Chemba ya Joto

Chemba ya majaribio ya joto ni kabati la chuma lenye kuta nene za povu, feni, hita za umeme na mtambo wa kupoza. Kazi yake ni kuipandisha au kuishusha hewa ya ndani hadi nyuzi anazozitaka mwendeshaji, kisha kuishikilia hapo kwa muda alioupanga. Ndani huwekwa betri, simu, mita, dawa au kitu kingine chochote ambacho mtu anataka kujua kama kitastahimili baridi au joto fulani. Kinachotoka mwishoni ni kauli: kitu hiki kilikaa kwenye nyuzi 72 za Selsiasi kwa saa sita, na hakikuvuja wala kupasuka.

Kauli hiyo ina upungufu ambao karatasi ya majibu haiutaji. Mnunuzi wa betri hana haja na yaliyotokea ndani ya kabati wiki iliyopita, tena kwa betri nyingine, maana zile zilizojaribiwa hazikuuzwa. Anachotaka kujua ni yatakayoipata betri yake mwenyewe katika mtaa wa Kenya au Katuba, mjini Lubumbashi, jua la Oktoba likiwa utosini. Kabati lina haki gani ya kuusemea ulimwengu ulio nje yake? Hilo ni swali la falsafa kabla halijawa la uhandisi, na kwa sehemu ni swali la dini pia.

Linaweza kuulizwa popote, ila Lubumbashi lina uzito wa pekee. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na karibu yote hutoka majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba. Madini hayo husafirishwa nje, huingia katika betri za lithiamu, na betri hizo haziruhusiwi kupakiwa ndegeni au melini bila kupita majaribio ya Umoja wa Mataifa, mojawapo likiwa la chemba ya joto. Baadaye hurudi Lubumbashi ndani ya simu na taa za sola. Zaidi ya hapo, chemba huchukulia kwamba umeme upo na utaendelea kuwapo, na mjini Lubumbashi dhana hiyo haipiti kimyakimya.

Uchunguzi wa haki hiyo ya kabati huanzia kwenye namba iliyo juu ya kioo cha chemba. Ndani ya kabati mna kihisio, mara nyingi waya mwembamba wa platini uliopimwa ili uwe na ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Mashine haijui joto. Inajua ukinzani wa waya, nao inaugeuza kuwa nyuzi kwa kufuata jedwali. Aliyeandika jedwali alijuaje? Alilinganisha waya na kipimajoto kingine. Na kile kingine je? Mtu akifuata nyayo hizo hurudi nyuma karne mbili na nusu, hadi kwa watu waliotafuta mahali pa kusimama: nukta ambazo joto lake halibadiliki, kama vile maji yanapoganda na maji yanapochemka.

Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Matadi, na maji huchemka huko kwenye nyuzi kama 96. Mwanafunzi anayeichora alama ya 100 kwenye kipimajoto chake pale ambapo maji yanatokota mbele ya macho yake atakuwa amefanya kazi kwa uaminifu wote na amepata chombo kinachodanganya. Anders Celsius, aliyependekeza kipimo chake mwaka 1742, alikwisha kuona kwamba mchemko hufuata kanieneo ya hewa, na kamati ya Royal Society ya London ikatoa mwaka 1777 maelekezo ya namna ya kuipata nukta hiyo kwa mvuke na kwa kanieneo maalumu. Hata hivyo ugumu wenyewe ulibaki palepale. Ili kujua kwamba nukta ya mchemko haitikisiki panahitajika kipimajoto cha kuaminika, na ili kipimajoto kiaminike panahitajika nukta isiyotikisika.

Aliyelishughulikia fumbo hilo kwa uvumilivu mkubwa kuliko wote ni Mfaransa Victor Regnault, katika miaka ya 1840. Hakudai kuliona joto lenyewe uso kwa uso. Alitaka jambo dogo zaidi: vipimajoto vya aina moja, vikitengenezwa kwa namna tofauti, vikubaliane vyenyewe kwa vyenyewe. Aina inayojipinga yenyewe haifai, hata kama haijulikani ukweli uko wapi. Vya zebaki vilijipinga kwa sababu ya tofauti za kioo, na vya hewa vikavumilia mtihani. Mwaka 1848 William Thomson alipendekeza kipimo kisichotegemea kitu chochote mahususi, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kelvini inafafanuliwa kwa namba iliyopangwa ya Boltzmann, 1.380649 × 10⁻²³ juli kwa kelvini. Duara halikukatwa. Lilipanuliwa tu, likaingiza nadharia nyingi na vyombo vingi vinavyochungana, hata imekuwa vigumu vyote kukosea pamoja. Anayedai msingi ulio nje ya duara hilo anadai kitu ambacho hakuna sayansi iliyowahi kuwa nacho, na hakuna sababu ya kumwonea aibu.

Kwa chemba iliyoko Lubumbashi maana yake ni hii: namba ya kioo ni neno la mtu aliyeambiwa na mtu aliyeambiwa. Kihisio chake kilifanyiwa ugezi kwa kulinganishwa na kingine bora, nacho na kingine bora zaidi, hadi kwenye maabara za vipimo za mataifa. Kila pete ya mnyororo huo ina cheti, tarehe na kiasi cha shaka kinachokubaliwa. Wanazuoni wa hadithi wangeutambua utaratibu huo mara moja: habari huaminiwa kwa ubora wa wapokezi wake, mmoja baada ya mwingine, na mpokezi mmoja dhaifu huiangusha riwaya yote.

Hata namba ikiwa sahihi, inahusu hewa. Kihisio cha chemba hukaa penye mkondo wa feni, wala hakikai katikati ya betri. Hewa ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri, kiini cha betri kubwa kinaweza kuwa bado na uvuguvugu wa chumba, na ndiyo sababu waendeshaji makini hupitisha waya wa pili kwenye tundu la ubavuni, wakauambatisha kwenye sampuli yenyewe na kuziba tundu kwa kizibo cha sponji. Saa za jaribio huanza kuhesabiwa pale sampuli inapofika, na hewa kufika peke yake hakutoshi. Mwenye kutazama kioo tu atasema jaribio limeanza saa nzima kabla halijaanza.

Kuiendesha chemba hutegemea kwanza kuilisha umeme unaoifaa. Ndogo hutosheka na volti 220 za fezi moja. Kubwa hudai fezi tatu, volti 380 hadi 400, kwa mzunguko wa hezi 50. Kutia joto ni rahisi, kwa kuwa waya wowote wenye mkondo hupata moto. Kutia baridi ndiko kwenye gharama. Kompresa hubana gesi, gesi humwaga joto lake nje ya kabati, kisha hutanuka ndani na kufyonza joto la hewa. Kwa nyuzi 40 chini ya sifuri mtambo wa hatua moja unaweza kutosha. Kwa nyuzi 70 chini ya sifuri huhitajika mitambo miwili iliyounganishwa, kila mmoja na gesi yake, wa kwanza ukiupoza wa pili. Na ajabu ni kwamba utulivu wa chemba nyingi ni mvutano: kompresa inavuta chini huku hita ikirudisha juu kidogo kidogo, na kidhibiti kinaamua kila mara kwa kuangalia kosa la sasa, makosa yaliyokwisha kulimbikizana na kasi ambayo kosa linabadilika.

Fundi anayeiunganisha kwa mara ya kwanza hukagua mpangilio wa fezi, kwa sababu kompresa za aina ya skroli zikigeuziwa fezi huzunguka kinyume, zikapiga kelele bila kupoza. Hupima volteji chini ya mzigo, si mashine ikiwa imezimwa. Volteji ikishuka mno, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufanya kazi ileile, nayo huchemka hadi swichi inayojikata, disjonta kama mafundi wa mjini wanavyoiita, iikatie. Ndiyo maana mbele ya mashine huwekwa regulateri ya volteji. Kizuizi cha joto la kupita kiasi huwekewa kihisio chake cha peke yake, kisichotegemea kidhibiti kikuu, ili kosa la kimoja lisiwe kosa la vyote viwili. Na kompresa iliyozimika haiwashwi papo hapo: huachwa dakika kadhaa kanieneo za pande mbili zisawazike, la sivyo mota itasukuma ukuta.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu vya maelekezo hulitaja kwa herufi ndogo. Mota nyingi za umeme hukadiriwa nguvu zake kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, kwa kuwa hewa nyepesi haichukui joto vizuri. Lubumbashi imepita hapo. Kwa mujibu wa kanuni za mota, jiji zima liko nje ya hali ya kawaida.

Jaribio la joto la Umoja wa Mataifa kwa betri za lithiamu linaonyesha jinsi umeme unavyoingia katika falsafa. Betri ndogo hukaa angalau saa sita kwenye nyuzi 72, kisha angalau saa sita kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na kuhama kutoka joto moja kwenda jingine kusizidi dakika 30. Mizunguko ni kumi. Kwa hesabu ya haraka ni saa 120, yaani siku tano usiku na mchana, na baada yake saa 24 za mapumziko kwenye nyuzi za kawaida. Betri inafaulu ikiwa haikuvuja, haikutoa gesi, haikuvunjika wala kupasuka wala kuwaka, na volteji yake haikushuka chini ya asilimia 90 ya ile ya awali.

Tuseme mzunguko wa saba umefika kwenye baridi, ni saa nane usiku, na umeme unakatika kwa delestaji, yaani mgawo wa umeme. Feni inanyamaza. Kioo kinazima, lakini kinasa kumbukumbu kina betri yake na kinaendelea kuandika. Kuta za povu zinafanya kazi yake, hivyo joto halipandi ghafla: linatambaa, nyuzi moja, kisha nyingine, na kwenye ukingo wa mlango barafu nyembamba inaanza kutoa jasho. Mlinzi anakwenda kuwasha grupu, yaani jenereta. Kama ni ndogo, kompresa inapojaribu kuanza na kuvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, jenereta inazimika nayo. Umeme wa mtandao unarudi alfajiri, mashine inajiwasha na kuendelea pale ilipoachia, kana kwamba hapakutokea kitu. Siku mbili baadaye mizunguko kumi imetimia kwenye kioo.

Je, hilo ni jaribio lilelile? Kabati ni lilelile, betri ni zilezile, programu ni ileile. Aliye mkali atasema limekufa usiku ule, kwa kuwa sharti la joto kutozidi nyuzi mbili juu au chini ya lililopangwa lilivunjwa. Aliye mpole atasema betri hazikupata nafuu yoyote, kwani zilikaa kwenye baridi muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Lakini mpole anajisahau: sehemu ya adhabu ya jaribio ni ule mruko wa ghafla kati ya joto na baridi, na kupanda polepole gizani ni adhabu ya namna nyingine. Hajui kama ni nyepesi au nzito, anakisia.

Wanafalsafa wamezoea kuuliza kama merikebu iliyobadilishwa mbao zote ni merikebu ileile. Swali la chemba ni gumu zaidi, kwa sababu hapa hakuna ubao uliobadilishwa. Kilichokatika ni hali. Jaribio halikai ndani ya chuma wala ndani ya betri. Liko katika mwendelezo wa hali zilizoelezwa kwa maneno kabla halijaanza, na mwendelezo huo unatunzwa na kitu ambacho kauli ya mwisho haikitaji kabisa. Katika vitabu vya mantiki huandikwa kwa wepesi kwamba jambo fulani litafuata mengine yote yakibaki vilevile. Lubumbashi maneno hayo yana bei, nayo hulipwa kwa lita za mazuti ya jenereta.

Bei hiyo ina historia. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba zilifuata katika miaka ya 1950. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, ukipita juu ya vijiji visivyopata hata taa moja kutoka kwake. Mstari huo ulikusudiwa migodi, na migodi ndiyo inayokula sehemu kubwa ya umeme wa kusini-mashariki hadi leo. Kwa hiyo utulivu wa nyuzi mbili juu au chini si tabia ya maumbile. Ni mgawo, na kila mgawo una aliyepata na aliyekosa.

Mabishano ya aina hii si mapya. Mwaka 1660 Robert Boyle alitangaza majaribio aliyoyafanya kwa pampu ya hewa, akawaita mashahidi waungwana wayaone. Mwaka uliofuata Thomas Hobbes alimjibu kwa ukali: pampu inavuja, hivyo kinachodaiwa kuwa utupu si utupu, na mkusanyiko wa watu wachache chumbani hauwezi kuwa msingi wa ujuzi wa wote. Historia ilimpa Boyle ushindi, pengine kwa haraka. Kuhusu kuvuja, Hobbes alisema kweli. Jibu ambalo sayansi ilimpa hatimaye halikuwa hoja. Lilikuwa utaratibu: pampu bora, kumbukumbu kamili, mashahidi wengi zaidi. Kanuni ya kimataifa ISO/IEC 17025, iliyotolewa upya mwaka 2017, ni mtoto wa ugomvi ule. Inaitaka maabara iandike hali za chumba, iandike kila kilichokwenda kombo, na isitoe kauli ya kufaulu bila kueleza namna ilivyouzingatia wasiwasi wa vipimo vyake. Usiku wa mzunguko wa saba, kwa kanuni hiyo, hauwezi kufutwa. Jaribio hurudiwa, au likiripotiwa huripotiwa pamoja na pengo lake, na mteja akajua.

Hata hivyo, jaribio lisilo na pengo lolote bado halijavuka mto. Betri kumi zimefaulu mwezi huu. Kwa nini ya kumi na moja ifaulu mwaka ujao? Imamu Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa kilichomalizika mwaka 1095, alitumia mfano wa pamba na moto. Jicho linaona pamba ikigusana na moto, kisha linaona pamba ikiungua. Halioni ulazima uliopo kati ya mawili hayo. Mwenye kuumba kuungua, kwa Ghazali, ni Mwenyezi Mungu, na mfuatano tunaouona ni ada aliyoipitisha. Ibn Rushd alimjibu kwamba anayeondoa sababu anaondoa akili. David Hume, mwaka 1739, alifika karibu na pale alipofika Ghazali bila kumtaja Mungu: yaliyopita hayafungi yajayo kwa kamba ya mantiki, na kinachotufanya tutegemee ni mazoea.

Wengi humsoma Ghazali kama adui wa maabara. Ni kumwonea. Alisema pia kwamba Mungu huumba ndani yetu ujuzi kwamba ada haitavunjwa, kwa hiyo mtu wake hakai akihofia kwamba kitabu alichokiacha nyumbani kimegeuka farasi. Kwa Wakristo, ambao ndio wengi Lubumbashi, jambo linalofanana liko katika kitabu cha Mwanzo, pale ambapo baada ya gharika Mungu anaahidi kwamba maadamu dunia ipo, baridi na hari havitakoma. Katika mapokeo yote mawili, uthabiti wa maumbile ni ahadi inayotegemea uaminifu wa aliyeitoa. Mwanasayansi asiye na dini huuchukua uthabiti uleule bila kuwa na wa kumshukuru, na bila kuweza kuuthibitisha ndani ya kabati lake, kwa sababu kila jaribio la kuuthibitisha linautumia tayari. Hapa muumini hayuko nyuma yake. Wote wawili wameazima, na tofauti ni kwamba mmoja anamtaja mwenye mali.

Ugumu unaongezeka pale chemba inapotumiwa kuharakisha wakati. Mtengenezaji anayetaka kujua kama plastiki yake itadumu miaka kumi hawezi kungoja miaka kumi. Anapandisha joto, akitegemea kanuni inayotokana na kazi ya Svante Arrhenius ya mwaka 1889: mabadiliko ya kikemia huenda kasi joto likipanda, na kwa makadirio yanayotumika sana kasi huongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi. Wiki chache za chemba zinasimama badala ya miaka ya rafuni. Dhana iliyofichwa ni kwamba joto hubadilisha kasi tu, halibadilishi aina ya jambo. Yai la kuku likitunzwa kwenye nyuzi 37 na nusu hutoa kifaranga baada ya siku 21. Likiwekwa kwenye nyuzi 80 halitoi kifaranga mapema, linaiva. Mhandisi mzuri anajua kwamba kila kitu kina nyuzi zake za kuiva, na kwamba zikipitwa, kabati linajibu swali ambalo halikuulizwa. Lakini nyuzi hizo ziko wapi hasa hajui mpaka apime, na kipimo cha uhakika kabisa ni miaka kumi yenyewe.

Hadi hapa swali limekuwa la ujuzi. Lina upande wa pili, nao ni wa haki: nani anachagua hali zitakazowekwa ndani ya kabati? Nyuzi 72 na nyuzi 40 chini ya sifuri zilichaguliwa kwa sababu ya usafirishaji. Kontena lililoachwa juani na shehena ya ndege ndivyo vilivyofikiriwa, na kwa lengo hilo ni chaguo la busara. Tatizo huanza cheti kinapotoka kwenye safari na kuingia dukani, ambako muuzaji hukionyesha kama ushahidi kwamba betri ni imara. Cheti hakisemi hivyo. Hakijui usiku wa Julai mjini Lubumbashi, joto linaposhuka chini ya nyuzi kumi, wala mchana wa Oktoba unaopita nyuzi thelathini kivulini na zaidi sana chini ya bati. Zaidi ya yote hakijui kuchajiwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, jambo ambalo huenda linaua betri za mjini kuliko hali ya hewa.

Lubumbashi imewahi kuwa uwanja wa mjadala wa sura hiyohiyo kuhusu watu badala ya betri. Mwaka 1945, jiji likiitwa bado Élisabethville, lilichapishwa humo toleo la Kifaransa la kitabu cha padri Mfransisko Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu, alichokiandika baada ya miaka mingi kati ya Waluba. Dai lake kuu lilikuwa kwamba kwa Mbantu kuwapo ni nguvu, nayo nguvu huongezeka na kupungua. Aimé Césaire alimshambulia mwaka 1950, na wanafalsafa wa Kiafrika waliofuata, Fabien Eboussi Boulaga na Paulin Hountondji miongoni mwao, wakaonyesha kwamba Tempels alikuwa ametunga swali, kipimo na jibu, kisha akawaweka Wabantu ndani. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 kabla ya kwenda Marekani, aliligeuza shaka hilo kuwa kazi ya maisha. Aliuliza ni katika masharti gani Afrika imekuwa ikijulikana, na nani aliyeyaandika masharti hayo. Tempels hapaswi kutupwa kabisa, kwani aliwasikiliza watu ambao wenzake hawakuwasikiliza. Lakini hoja ya Mudimbe inaifikia hata chemba: kipimo kinaweza kuwa sahihi hadi sehemu ya kumi ya nyuzi na bado kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya maisha ya mtu mwingine.

Kwa kanuni za kiufundi, mlango haujafungwa. Viwango vya kimataifa vya majaribio ya mazingira, vile vya mfululizo wa IEC 60068, vinaruhusu pande mbili kukubaliana juu ya ukali wa jaribio. Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au maabara nyingine yoyote ya mjini, inaweza kuandika programu yenye baridi ya Julai, hari ya Oktoba, hewa ya mita 1,200 na volteji inayoanguka na kurudi bila taarifa. Programu hiyo ingekuwa na sifa moja ambayo programu za Ulaya hazina: sehemu yake ya umeme isingehitaji kuigizwa sana.

Matokeo yake yangekuwa ya kweli kwa mji huo. Kukubaliwa kwingineko ni jambo jingine. Majibu ya maabara huvuka mipaka kwa ithibati, chini ya makubaliano kama yale ya ILAC, ushirikiano wa kimataifa wa ithibati za maabara, yaliyotiwa saini mwaka 2000, ambayo maabara zilizothibitishwa huaminiana vyeti kwayo. Ithibati inadai ugezi wa mara kwa mara, watumishi waliofunzwa, kumbukumbu zisizo na pengo, na chemba inayoweza kuonyesha kwamba ilibaki pale ilipoamriwa kubaki. Maabara inayotaka kuupima umeme usiotulia, kwa hiyo, lazima kwanza iwe na umeme wake uliotulia: jenereta inayoweza kuhimili kuanza kwa kompresa, betri za kushikilia kidhibiti na kinasa kumbukumbu, na mazuti ya kutosha siku tano.